Tulivyomsafirisha Margareta Kutoka Mbulu Hadi Gitting

Hapana. Hatukubeba maiti, na hatukutumia msiba kupita barabarani kirahisi. Yohana, wewe uliyeandika kwenye grupu kwamba "akina Safari wamekula makande ya marehemu hewa", shukuru Mungu ulikuwa mbali. Makande tulikula, ndiyo. Yalikuwa matamu, yamekolea maziwa. Lakini kabla sijatia kijiko mdomoni niliwaambia wale watu, kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliokuwa zizini waligeuka, kwamba ndani ya sanduku kuna injini. Wakanijibu, "Pole, kijana wetu. Kula kwanza."

Sasa nyote mnauliza ilikuwaje. Naandika mara moja tu. Someni yote, msiruke, maana mkiruka mtaniletea tena maswali ya kijinga.

Mbulu, nyuma ya banda langu

Paskali mnamjua, lakini kwenye grupu kuna wageni, kwa hiyo naeleza. Ni rafiki yangu tangu tukiwa tunakaa dawati moja. Kwao Gitting, aliletwa Mbulu kwa mjomba wake kusoma. Mpole mpaka anakera. Mama yake ana mashine ya kusaga kule Gitting, ila injini ilipasuka bloku, na tangu hapo mashine imekuwa mahali pa kuku kutagia. Chumba chenyewe ni cha kijiji. Mwenyekiti akamwambia mama: ukifika mkutano wa Ijumaa mashine haisagi, chumba anapewa bwana mmoja anayetaka kuweka meza ya puli.

Meza ya puli, jamani. Wanawake wabebe mahindi kichwani mpaka kijiji cha mbali ili vijana wagonge vimpira. Na huyu mama ndiye aliyenilisha likizo zote za shule, kipindi ambacho kwetu kulikuwa hakukaliki. Ukimgusa yeye umenigusa mimi.

Paskali akaona tangazo kwenye simu: injini ya dizeli, silinda mbili, ipo Tanga, inafaa kazi zote. Akaagiza. Ilivyoshuka kwenye lori pale Mbulu niliizunguka mara mbili. Fupi, nene, rangi ya kijani, na nyuma imetokeza shafti ndefu kama mkia wa kenge.

"Paskali, rejeta iko wapi?"

"Labda inakuja na gari lingine."

Hakukuwa na gari lingine. Ilikuwa injini ya boti. Na boti lenyewe si la injini, ni lile la kwenda kwa upepo, injini wanawasha upepo ukikata tu. Lilizama na maji ya chumvi yakaingia kila mahali. Juu ya kifuniko cha valvu kuna jina la boti limeandikwa kwa rangi nyeupe: MARGARETA.

Mimi sijasoma chuo chochote cha ufundi. Nimesoma kwa kufungua vitu na kwa kuangalia video. Tukapata video za mzee mmoja wa Ulaya, ndevu kama pamba, anafungua injini kama ile ile akiwa amejikunja ndani ya boti lake peke yake, hana fundi, hana msaidizi. Huyo mzee nilimpenda. Shida ni Kiingereza chake, anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. Jambo la kwanza kabisa alisema tufunge "sikoki". Paskali akafungua kamusi. "Sii ni bahari," akasema, "na kok ni jogoo. Anasema tufunge jogoo wa bahari."

Asubuhi nzima tulimtafuta jogoo wa bahari kwenye ile injini. Mpaka nikapiga kelele, "Paskali, koki. Koki ya bomba. Anasema funga koki ya maji." Ambayo ilibaki na boti huko Tanga, kwa hiyo tulikuwa tumeshaifunga.

Kazi yenyewe siwachoshi. Pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Nilimwaga dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, nikaacha zilale, nikagonga taratibu kwa kipande cha mti, nikaacha, nikagonga. Yule mzee alisema usigonge kwa hasira. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Gasketi ya hedi ilikuwa ya shaba, duka lolote la Mbulu huipati, nikaipasha moto hadi ikawa nyekundu, nikaizamisha kwenye ndoo, ikalainika kama mpya. Ringi nilizipata kwa mafundi wa matrekta, zilizidi kidogo, nikazipiga tupa. Valvu nilizisaga kwa mkono, nazungusha kijiti katikati ya viganja kama babu anayetafuta moto. Siku ilipowaka ilitema maji kupitia ekzosi, maana ndivyo ilivyoumbwa: inavuta maji mbele, inayatema nyuma pamoja na moshi. Ililowanisha shuka zote za jirani. Paskali alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichobaki kilikuwa sanduku, isije ikaingia vumbi au mvua njiani. Fundi seremala wa karibu alikuwa mmoja, na ninyi mnajua anatengeneza nini. Nikamwambia nataka sanduku refu, maana Paskali amekataa shafti ikatwe, anasema itazungusha mashine. Seremala akauliza urefu. Nikampa. Jioni akaleta kazi nzuri sana, imepigwa randa, imepigwa msasa, mishikio mitatu kila upande.

"Mishikio ya nini, mzee?"

"Mtabebaje sasa?"

Tulimweka Margareta ndani, seremala akapigilia misumari yake, mingi, ndivyo alivyozoea. Yule aliyeituma kutoka Tanga alikuwa ameweka kibao cha mbao chenye anwani, seremala akakiona kimetupwa, akakigongomea kichwani pa sanduku kwa kuwa hapendi kazi isiyo na jina. MARGARETA. TANGA – MBULU.

Mbulu hadi Haydom

Dereva alikuwa Bakari wa Dongobesh, kwao wana duka la vitambaa, ana kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Babu yake alitoka Pangani, kwa hiyo Bakari ana Kiswahili chake cha pwani, na anakitumia kila akipata nafasi. Tukafunika sanduku blanketi kwa sababu ya manyunyu. Paskali akakaa nyuma kulishikilia. Alikuwa na mawazo ya Ijumaa, kainama, shuka kichwani. Nikiangalia sasa kwa akili ya leo, naona picha tuliyoiweka barabarani. Siku ile sikuiona.

Mbele ya Dongobesh walikuwa wameweka kamba barabarani, magari yenye mzigo yasipite hadi njia ikauke. Mgambo mmoja mtu mzima akaja dirishani. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mmebeba nini?"

Bakari akajibu kabla yangu. "Mali ya matanga, mzee."

Yule mzee akavua kofia. "Poleni sana wanangu. Matanga ya nani?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Kwa babu yake Bakari matanga ni yale maturubai ya kushika upepo kwenye chombo. Huku kwetu nani ameona chombo? Huku matanga ni msiba.

"Mzee, siyo matanga hayo," nikasema. "Ni matanga ya boti."

"Alifia kwenye boti?"

"Hajafa mtu."

Akanitazama kwa huruma. "Unaitwa nani, kijana?"

"Safari."

"Najua mko safarini. Nauliza jina."

"Ndiyo jina. Safari. Mimi ni Safari."

"Ndiyo, sote ni wasafiri," akasema, akaenda nyuma, akasoma kibao. Akamshika Paskali begani. "Margareta ametoka mbali." Halafu akashusha kamba.

Nilifungua mlango nikamwambie vizuri. Bakari akanivuta shati. "Safari, kaa. Kamba imeshuka."

"Imeshuka kwa uongo."

"Uongo gani? Wewe umesema kweli, yeye kasikia yake."

Nikabamiza mlango. Nyuma nikamsikia mgambo akimwambia mwenzake, "Huyo wa mbele ndiye aliyeguswa zaidi." Na alikuwa na simu. Maana mpaka tunafika Haydom kulikuwa na watu wamesimama kando, wanaume kofia mkononi, na gari letu linapishwa na malori.

Basotu

Basotu tulisimama kula. Perege wa ziwani, amekaangwa mkavu, na ugali unaopiga mwangwi ukiugonga. Nilikuwa bado nachambua miiba wakati bibi mmoja, fimbo mkononi, shuka mbili mgongoni, alipozunguka gari, akasoma kibao herufi kwa herufi, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Kwenye kiti changu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnachelewa."

"Bibi, tunakwenda Gitting."

"Hata mbinguni nakwenda. Margareta ni mdogo wangu."

Jina lake Bibi Veronika. Mdogo wake Margareta aliolewa akafuata mume mashamba ya mkonge huko Tanga, Bibi bado msichana wa kufunga nywele mbili. Haikuja salamu, hakuja mtu. Sasa limekuja sanduku.

Nikavuta pumzi. Nikasema leo sitapiga kelele, huyu ni bibi. "Bibi, sikiliza. Huyu Margareta siyo wako. Huyu ni wa boti. Aliingia maji ya chumvi, akaganda. Mimi nilimfungua kichwa, nikamsafisha ndani, nikamrudishia."

Akaziba mdomo kwa shuka. "Kumbe alizama."

Mafundi tunasema hivyo, jamani. Injini tunaiita yeye. Kichwa ni hedi. Tangu siku hiyo nasema "hiyo injini, silinda hedi yake", kama naandika mtihani.

"Na wewe ni nani wake?" akauliza.

"Fundi wake."

"Alikuwa na nyumba?"

Bakari aliinama kwenye usukani, mabega yanatikisika. Bibi akampapasa mgongo. "Lia mwanangu, usiweke ndani." Nikapanda nyuma na Paskali.

"Mwambie wewe," nikamwambia Paskali. "Wewe ni mpole, atakusikia."

Paskali akafungua mdomo, akafikiria mama yake na chumba, na machozi yakaanza kutoka. Basi, tumekwisha.

Basotu hadi Balangdalalu

Kirikuu ilizama kwenye tope, magurudumu yakapotea kabisa. Tulisukuma, ikazama zaidi. Mvua ikaanza upya. Nikawa nahesabu moyoni kwamba kesho ndiyo Ijumaa, na sisi tumekaa hapa kama viboko.

Halafu wakatokea watu juu ya kilima. Wanaume na wanawake, majembe, kamba, matawi ya kutandika chini ya tairi. Hawakuuliza chochote. Mmoja alisema "poleni", wengine wakaitikia, kazi ikaanza. Aliyeongoza alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Danieli, mrefu, koti la suti na buti za mpira.

"Gari halipandi na uzito huu," akasema. "Tumtoe. Atabebwa."

"Mzee, shikamoo. Ni injini."

"Marahaba. Njoo upumzike hapa kwenye jiwe."

Wanaume sita wakashika ile mishikio ya seremala. Wakahesabu, wakainua. Uso wa kila mmoja ukabadilika.

"Huyu dada alikuwa na mwili," mmoja akasema kwa heshima.

"Tanga wanakula vizuri."

Wakaanza kupanda, wanapokezana, wanawake mbele wanaimba. Katikati ya kilima mafuta yakaanza kudondoka, maana gasketi ya sampo, kile kibakuli cha oili chini ya injini, niliikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu na haikupenda kulazwa upande. Yakamdondokea mtu begani. Akapangusa, akanusa.

"Hii ni kama dizeli."

Nikaruka. "Ndiyo. Dizeli. Ni injini. Fungueni muone."

Waliobeba wakasimama. Nikasema leo nimepona. Kisha mwingine, kijana anayejua kila kitu, kila kijiji kina wa hivyo, akasema, "Ni dawa za mochwari. Siku hizi zinanuka hivyo."

Basi nikaichukua nyundo kwenye gari nikaliendea sanduku. Niliukamata msumari wa kwanza, ukalia. Watu wanne walinishika. Nawaapia, nilipigana. Niliwatukana matusi ambayo Mzee Danieli hajawahi kusikia. Kila nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kunikumbatia. Mama mmoja alinifunika kanga usoni. "Muacheni apumue," anasema, "uchungu unapanda na kushuka." Mkitaka kujua maana ya kukosa nguvu, siyo kufungwa kamba. Ni kusema kweli halafu mtu anakupa maji ya kunawa uso.

Balangdalalu walimweka Margareta ndani, sebuleni kwa Mzee Danieli, chini yake wametandika mkeka, na juu ya mkeka beseni la kukinga dawa ya mochwari. Kwaya ikaimba. Mwalimu wa kwaya alikuwa na sauti nzuri, hata mimi niliguswa, mpaka nikakumbuka tunaimbia sampo. Hapo ndipo palipokuwa na makande. Na kama ilivyo desturi, kila nyumba ikaja na mahindi, huyu sado, huyu debe, ya kusaidia wafiwa. Bibi Veronika akapokea yote, akiwa amekaa kichwani pa sanduku, anasimulia mdogo wake alivyokuwa akiiba maziwa na kusingizia paka. Watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mimi nilikuwa pembeni na sahani yangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mkweli peke yangu.

"Mnazika lini?" Mzee Danieli akamuuliza Paskali.

"Gitting. Kesho," Paskali akajibu. Alikuwa amesikia "mnafika lini". Nayajua masikio yake.

"Hamwendi peke yenu," mzee akasema.

Katesh

Katesh hapana maneno mengi. Tulisimama sheli kujaza dizeli kwenye dumu. Nyuma yetu trekta ya Mzee Danieli na tela, ndani ya tela kwaya nzima na magunia ya mahindi. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Jamaa mmoja wa bodaboda akaniuliza huo msafara wa nani. Nikamwambia, "Wa injini." Akasema, "Mungu amlaze mahali pema Injini." Nikampa mkono. Sikuwa na ugomvi tena.

Gitting

Tulikuta mkutano umeshaanza, watu wamekaa kwenye nyasi mbele ya chumba cha mashine. Meza ya puli ilikuwa imeshaletwa, iko chini ya turubai, na bwana mwenyewe ameegemea, anatafuna muwa. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa miwani na sauti ya polepole, alikuwa amesimama.

Sasa fikirieni anachokiona Mama Paskali. Watu sita wanabeba sanduku. Kwaya. Bibi asiyemjua na fimbo. Mwanawe nyuma, macho mekundu. Mimi sionekani, niko chini ya kirikuu nafungua kamba.

"Safari amekufa?" mama akalia. "Paskali, umeniletea Safari?"

Nilitoka uvunguni nikiwa tope tupu. "Shikamoo mama. Niko hapa."

Akanipiga kofi la mgongo, halafu akanishika na hakuniachia. "Sasa nani aliye ndani?"

"Injini, mama. Tangu Mbulu nasema."

Nikachukua nyundo. Mara hii hakuna aliyenishika. Misumari ya yule seremala ilitoka mmoja mmoja, inalia kama mbuzi. Mfuniko ukafunguka. Kijani, mabomba, mafuta, na jina jeupe. Kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti.

Mzee Danieli aliinama, akatazama ndani. "Kijana," akasema, "umetuimbisha usiku kucha kwa injini."

"Nilikwambia mara ngapi, mzee?"

"Ulisema kama mwenye uchungu."

"Nilikuwa na uchungu kwa sababu hamnisikii."

Kijana wa dawa za mochwari akaenda kusimama nyuma ya tela.

Bibi Veronika alisogea. Akaigusa herufi ya kwanza ya jina kwa kidole, halafu akagonga kifuniko cha valvu kwa kucha. Kililia kichuma.

"Huyu siye," akasema.

"Siye, bibi. Nisamehe."

"Kwa hiyo mdogo wangu hajafa."

Nani anajua? Bakari, mwenye maneno yote ya pwani, alitazama viatu vyake.

"Kama si huyu, basi yupo," Bibi akasema. Akavuta mfuniko wa sanduku, akaukalia, akaniinulia fimbo. "Haya. Funga hicho chuma."

Mwenyekiti akasafisha koo. "Mimi nauliza moja tu. Inasaga au haisagi? Jua likizama nafunga mkutano."

Tukafunga. Wale wale sita waliobeba ndio waliomweka kwenye zege, maana mkono ukishazoea uzito hauulizi tena. Bolti za zamani hazikulingana, Paskali akatoboa mbao za sanduku akaziweka chini kama mto. Puli ya mkanda tukaivisha kwenye ile shafti ndefu, na ikafika palepale kwenye mashine. Paskali akaipigapiga ile shafti kwa kiganja. Alinitazama tu. Basi, nakubali, shafti haikupaswa kukatwa. Pipa la maji tukaliweka mbele, bomba moja linavuta, jingine tukalitolea dirishani. Bibi akanyanyuka akatia konzi mbili za chumvi kwenye pipa.

"Bibi, chumvi inakula chuma."

"Ametoka Tanga. Atakuwa amezoea."

Nikamwaga pipa lote, nikajaza upya. Alinuna.

Tukashika hendeli. Bakari akazungusha, nikaachia liva ya kubana hewa, hakuna. Paskali akazungusha. Hakuna. Wale sita mmoja mmoja. Moshi kidogo, kikohozi, kimya. Bwana wa puli alikuwa ameshaanza kukunja turubai lake kutoka upande mmoja.

Upepo. Dizeli ilikuwa imepanda na kushuka kilima mabegani mwa watu, lazima upepo umeingia kwenye mabomba. Nililegeza nati za nozo, pale dizeli inapoingilia, Paskali akapiga pampu kwa kidole gumba. Povu, povu, povu. Nilitaka kuipiga teke injini, nikamkumbuka yule mzee wa ndevu peke yake ndani ya boti lake. Nikangoja. Povu likawa dizeli tupu. Nikakaza.

"Zungusha."

Ikawaka. Chumba kizima kilitikisika, maji yakaruka dirishani, yakamlowanisha bwana wa puli pamoja na muwa wake. Watu wakapiga vigelegele. Nikasukuma gia, mkanda ukashika, Mama Paskali akamimina debe la kwanza.

Mahindi yakarudi.

Yaliruka kutoka kwenye mdomo wa mashine kama mvua ya mawe, yakatupiga usoni. Mashine ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Injini za boti zina tabia zao. Mwenyekiti akapangusa punje kwenye miwani. Bwana wa puli alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta, na hilo ndilo lililonifanya nifikiri haraka. Boti linakwenda mbele. Lakini boti pia lazima litoke gatini.

"Paskali. Ina rivasi."

Nikavuta mpini nyuma. Mkanda ukasimama, ukasita, ukageuka. Mama akamimina tena, mkono mwingine amejikinga uso. Mahindi yakazama. Upande wa chini ukatoka unga.

Basi ndiyo hiyo. Mashine ya Gitting inasaga kwa rivasi, na mkienda leo mtaikuta inasaga kwa rivasi.

Mwenyekiti akaweka kiganja, akausugua unga kwa vidole, akaulamba. "Chumba ni cha mama," akasema, akaketi. Mama Paskali hakushangilia. Alikaa chini pale pale kwenye unga, akaweka mikono kichwani kama mtu aliyeshusha kuni. Paskali akakaa naye.

Mzee Danieli alikuwa bado amesimama na magunia yake ya msiba. Nilikwenda kumwomba radhi vizuri, bila kelele. Akasema, "Tulishatoka nyumbani nayo." Akaamuru kwaya yake ishushe. Wakasaga yote jioni ile, wanaimba ule ubeti walioukatisha, na Bibi Veronika akipanga foleni kwa fimbo. Aliporudi Basotu alimwagiza Bakari amwulizie Tanga mtu anayeitwa Margareta, wa mkonge, anayependa maziwa. Bakari anaulizia mpaka leo.

Sasa Yohana, na ninyi wengine mliojaa kwenye hilo grupu. Jumatano, kabla hatujaondoka, Paskali aliandika humo humo: ndugu zangu, injini ya mama inakwenda Gitting, njia ni mbaya, naomba mikono ya kusukuma. Mkamtumia vikatuni vya kucheka. Watu wa Balangdalalu hawamjui Paskali. Walidhani wanambeba marehemu wasiyemjua, na bado walitoka kwenye mvua wakambeba. Mama Paskali mnamjua, yuko hai, na karibu wote mmekula kwake. Mlikuwa wapi?